Kuchagua pedali ya sasteini kwa kinanda cha umeme: kichunguze kwanza kinanda chako

Mpiga Kinanda wa Kwaya (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu wapiga vinanda, walimu wa kwaya na nyote mnaojifunza nyumbani, nawasalimu.

Katika kwaya ninayoitumikia tumenunua pedali tatu za sasteini, yaani za kushikilia sauti baada ya vidole kuachia, ndani ya miaka michache, na mbili kati ya hizo zimeishia kabatini ingawa hakuna hata moja iliyokuwa mbovu. Ya kwanza ilifanya kazi kinyume: sauti ziliendelea kuvuma wakati mguu haujaigusa, na zikakatika mara tu ilipokanyagwa. Ya pili ilikuwa ghali kuliko zote na ya kupendeza machoni, lakini kinanda chetu hakikuweza kuusoma uwezo tulioulipia. Muuzaji alituhakikishia kwamba pedali zote zinaingia kwenye kila kinanda, na kweli ziliingia, kwa kuwa plagi zote zina unene uleule wa milimita 6.35. Kuingia kwenye tundu, hata hivyo, si sawa na kuelewana na kinanda, na hilo ndilo ninalotaka tulijadili ili mwingine asitumie fedha za wanakwaya kama tulivyozitumia sisi.

Kwanza tukumbuke pedali hii imetoka wapi. Ndani ya piano ya nyuzi, kila nota ina kipande kidogo kilichovikwa kitambaa kizito cha sufi, ambacho hulala juu ya nyuzi zake na kuzinyamazisha. Ukibonyeza kitufe, kipande hicho huinuka na nyundo hupiga nyuzi. Ukiachia, hurudi na sauti hufa. Pedali ya kulia huinua vipande vyote kwa pamoja, kwa hiyo nota ulizopiga huendelea kulia hata vidole vikishaondoka, na nyuzi ambazo hukuzipiga kabisa nazo huanza kuitikia polepole. Piano za zamani za Ujerumani na Austria ziliinua vipande hivyo kwa wenzo uliosukumwa kwa goti, na pedali za mguu zikaenea zaidi baada ya John Broadwood wa London kupata hataza yake mwaka 1783.

Kinanda cha umeme hakina nyuzi wala vipande vya kuinua. Pedali yake ni swichi tu, inayopeleka ujumbe mfupi kwenye kompyuta iliyo ndani ya kinanda. Katika MIDI, mfumo wa vyombo vya muziki vya umeme kupelekeana ujumbe, uliotoka mwaka 1983, ujumbe wa sasteini hupewa namba 64 na hubeba thamani kuanzia 0 hadi 127. Kinanda cha kawaida hukisoma chochote kilicho chini ya 64 kama mguu ulioachia, na kuanzia 64 kwenda juu kama mguu uliokanyaga. Kinanda cha daraja la juu zaidi kinaweza kuzisoma thamani za katikati pia, na hapo ndipo njia za pedali zinapoachana.

Pedali ya aina ya kwanza ni ya swichi: inawaka au inazima, haina katikati. Pedali ya aina ya pili hupima mguu wako umeshuka kiasi gani, kwa kutumia kifaa kama kile kinachoongeza na kupunguza sauti kwenye redio. Kwa pedali hii mpigaji anaweza kuishusha nusu tu, akaacha besi iendelee kwa mbali huku sauti za juu zikisafishika. Ni uwezo wa thamani kubwa kwa anayepiga muziki wa piano peke yake. Kwa kinanda kidogo cha kwaya chenye midundo ya kuambatana, uwezo huo haupo ndani ya kinanda chenyewe, na pedali haiwezi kuuingiza.

Kwa mfano, vinanda vya mfululizo wa PSR-E vya Yamaha, ambavyo tunavikuta makanisani na majumbani kila mahali, husoma pedali ya swichi. Kijitabu chake kinataja FC4A au FC5. FC5 ni ile ndogo bapa ya plastiki; FC4A ina ulimi mrefu kama wa piano. FC3A ina umbo linalokaribiana sana na FC4A, lakini ni ya kupima kiasi, na bei yake iko juu. Mtu asiyesoma herufi zilizo nyuma anaweza kuichukua FC3A akiamini kwamba amepata FC4A iliyo bora zaidi, kumbe amenunua kifaa cha kazi nyingine. Hilo ndilo lililotupata mara ya pili.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba, kabla ya kwenda dukani, fungua kijitabu cha kinanda chako kwenye ukurasa wa matundu ya nyuma na uandike namba ya pedali inayotajwa hapo. Kama kijitabu kimepotea, makampuni makubwa huviweka bure kwenye tovuti zao. Tafuta kwa namba ya kinanda iliyoandikwa upande wa chini. Angalia pia kama tundu lenyewe lipo. Vinanda vidogo kabisa vya kujifunzia vingine havina tundu la pedali, na hakuna adapta itakayolitengeneza.

Nakaribisha maswali na uzoefu wenu.

Mwalimu wa Sauti ya Tatu

Ahsante sana, ndugu. Umenigusa mahali penyewe, kwa sababu pedali yetu inafanya hilo la kinyume ulilolieleza. Tuliipeleka kwa fundi, naye akasema haina kosa lolote. Kwa nini basi ipo hivyo, na je, kuna dawa isiyohitaji kununua nyingine?

Mpiga Kinanda wa Kwaya

Mwalimu, fundi wako alikuwa sahihi. Ndani ya pedali ya swichi mna nyaya mbili. Katika pedali nyingine nyaya hizo zinagusana wakati mguu haupo, na kukanyaga ndiko kunakozitenganisha. FC5 ya Yamaha ni ya namna hiyo. Katika nyingine zimetengana wakati wa mapumziko, na kukanyaga ndiko kunakozigusisha. Watengenezaji hawakukubaliana juu ya utaratibu mmoja, kwa hiyo pedali iliyokuja na kinanda cha kampuni moja inaweza kueleweka kinyume kwenye kinanda cha kampuni nyingine.

Dawa ipo, na mara nyingi haigharimu chochote. Vinanda vingi hupima hali ya pedali wakati vinapowashwa: jinsi nyaya zilivyo sekunde ile, ndivyo kinanda kinavyochukulia kuwa ni mapumziko. Zima kinanda, chomeka pedali hadi mwisho, weka miguu mbali nayo, kisha washa. Kijitabu cha PSR-E kinaonya waziwazi kwamba usikanyage pedali wakati wa kuwasha, kwa sababu ukifanya hivyo kinanda kitaigeuza na itafanya kazi kinyume. Nimeliona hilo kanisani kwetu zaidi ya mara moja: mpigaji anaketi kwa haraka baada ya somo, mguu unatua juu ya pedali huku mkono ukibonyeza kitufe cha kuwashia, na wimbo mzima unakwenda ukiwa umegeuzwa. Watu husema pedali imekufa, ilhali ni kuzima na kuwasha upya tu.

Kama kinanda chako hakipimi chenyewe, angalia kwenye menyu. Vile vikubwa zaidi, kama vya mfululizo wa PSR-S, vina sehemu ya kugeuza mwelekeo wa pedali. Na kama menyu nayo haina, chukua pedali yenye kitufe kidogo cha kugeuzia upande wa chini au ubavuni. M-Audio SP-2 ni mfano mmoja unaojulikana. Kitufe hicho ni sababu tosha ya kuipendelea pedali ya kampuni nyingine badala ya ile ya kampuni ya kinanda, hasa kwa kwaya ambayo huazima kinanda leo na kununua kingine mwakani.

Fundi wa Vyombo

Naomba niongeze upande wa ufundi, kwa kuwa vitu hivi hupita mikononi mwangu kila wiki.

Kama una multimita, yaani kipimo cha umeme cha mafundi, unaweza kuijua pedali bila kinanda. Iweke kwenye kipimo cha mwendelezo, kile kinacholia, kisha gusisha ncha moja ya kipimo kwenye kichwa cha mbele cha plagi na nyingine kwenye shina lake. Ikilia bila kukanyaga na kunyamaza ukikanyaga, ni ya nyaya zinazogusana. Ikinyamaza bila kukanyaga na kulia ukikanyaga, ni ya nyaya zilizotengana. Ikilia kwa kukatikakatika huku ukiutikisa waya, tatizo ni waya, na mara nyingi umekatika pale unapoingia kwenye kasha au kwenye plagi.

Tazama pia plagi yenyewe. Plagi yenye mkanda mmoja mweusi ina njia mbili za umeme, na hiyo huwa ni pedali ya swichi. Yenye mikanda miwili ina njia tatu, na mara nyingi ni pedali ya kupima kiasi. Nasema mara nyingi, kwa sababu zipo za swichi zilizofungwa plagi ya njia tatu. Hata hivyo, ni alama inayokusaidia kuuliza swali sahihi dukani kabla hujatoa pesa.

Jambo la tatu, na nalisisitiza: msinunue swichi ya miguu ya amplifaya ya gitaa mkidhani ni pedali ya sasteini. Zinafanana plagi, lakini nyingi za gitaa hujifunga: ukikanyaga mara moja inabaki imewaka hadi ukanyage tena. Sasteini inahitaji swichi inayorudi yenyewe mguu ukiondoka. Nimewahi kuletewa moja ambayo mwenyewe alikuwa akiikanyaga mara mbili kwa kila kodi ya wimbo (nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) kwa mwezi mzima, akiamini ndivyo pedali zinavyopigwa.

Mwanafunzi wa Jioni

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ninajifunza nyumbani kwa kinanda cha PSR-E373 nilichoachiwa na kaka yangu. Bajeti yangu ni ndogo. Je, niichukue ile ndogo ya mraba au nijibane nipate yenye ulimi wa piano? Na je, nikitengeneza mwenyewe kwa swichi ya kengele ya mlangoni, nitaharibu kinanda?

Mpiga Kinanda wa Kwaya

Marahaba, mdogo wangu.

Kinanda chako kinasoma swichi tu, kwa hiyo kwa upande wa sauti hutasikia tofauti yoyote kati ya pedali ndogo na ile yenye ulimi. Tofauti iko mguuni. Ile ndogo ni nyepesi, ina mwendo mfupi, na kwenye sakafu ya vigae huteleza mbele kidogo kila unapoikanyaga, mpaka katikati ya wimbo unajikuta umenyoosha mguu kuitafuta chini ya kinanda. Yenye ulimi wa chuma ina uzito na mpira chini yake, na mwendo wake unakaribia ule wa piano, kwa hiyo kisigino chako kinajifunza kukaa sakafuni na vidole vya mguu vinajifunza kushuka na kupanda kwa kipimo. Ukija kupewa piano halisi siku moja, mguu wako hautakuwa mgeni.

Mimi nakushauri ujibane. Pedali haizeeki kama kinanda. Ukibadilisha kinanda mara mbili, pedali nzuri yenye kitufe cha kugeuzia bado itakufuata. Lakini kama uwezo haupo kwa sasa, chukua ndogo bila kuona haya, ubandike chini yake kipande cha mkeka wa mpira au uiweke juu ya zulia, nawe utajifunza vizuri kabisa.

Kuhusu swichi ya kengele, namwachia Fundi.

Fundi wa Vyombo

Kijana, hutaharibu kinanda, mradi usiunganishe umeme wa aina yoyote kwenye waya huo. Pedali ya swichi haina betri wala haipeleki umeme wake. Kazi yake ni kugusisha na kutenganisha nyaya mbili ambazo kinanda chenyewe kinazichunguza. Nunua swichi mpya ya kengele, isiyowahi kufungwa kwenye umeme wa nyumba, waya mwembamba wa njia mbili wa mita moja na nusu hivi, na plagi ya milimita 6.35 ya njia mbili. Waya mmoja uuchomelee kwenye kichwa cha plagi, wa pili kwenye shina. Swichi hiyo ni ya nyaya zilizotengana, nacho kinanda chako kitaitambua kikiwashwa huku mguu ukiwa mbali.

Udhaifu wake ni mwingine. Swichi ya kengele imetengenezwa kwa ajili ya kidole, kwa hiyo uzito wa mguu utaimaliza mapema usipoijengea ubao wenye bawaba wa kuukinga. Tena inalia mlio wa kubofya, na katika chumba kimya mlio huo utakuudhi. Kwa kujifunzia, inatosha. Kwa ibada au kwa kurekodi, hapana.

Msikilizaji kutoka Mombasa

Nashukuru kwa uzi huu. Swali langu ni la tabia ya sauti, si la waya. Mpigaji wetu alipata pedali mpya, na tangu hapo nyimbo zetu zimekuwa kama zinaimbwa ndani ya pipa. Kila kitu kinavuma juu ya kingine na waimbaji wanapoteza mahali. Je, pedali inaweza kuwa na kosa la kuchelewa kuachia?

Mpiga Kinanda wa Kwaya

Inawezekana, lakini mara nyingi sana kosa haliko kwenye pedali, nami hapa naomba radhi kwa kurefusha, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapouza pedali nzuri na kutafuta nyingine.

Tazameni kwanza ni sauti gani mpigaji anaitumia. Sauti ya piano hufifia yenyewe hata ukiikanyagia pedali, kwa sababu hata nyuzi halisi hufifia. Sauti ya ogani na ile ya vyombo vya nyuzi vya kusugua kwa upinde, kama fidla, hazififii. Ukikanyaga pedali juu ya ogani, kila nota uliyoigusa itaendelea kwa nguvu ileile hadi uachie mguu. Mpigaji akibadilisha kodi tatu bila kuachia, kodi zote tatu zinalia kwa pamoja, na hilo ndilo pipa unalolisikia. Kwa ogani, mimi mguu wangu hukaa mbali kabisa na pedali, nami huunganisha sauti kwa vidole: kidole kimoja hakiondoki hadi kinachofuata kimeshika. Wazee waliotufundisha kwa harmoniamu, ambayo haina pedali ya namna hii hata kidogo kwani miguu yake kazi yake ni kupuliza, walikuwa wakiunganisha wimbo mzima kwa vidole tu, nao uliunganika.

Tazameni pili wakati mguu unapopanda. Wanaoanza hukanyaga pamoja na kodi na kuachia pamoja na kodi. Ukifanya hivyo, ama utakata sauti kabla ya kodi mpya kuingia, ama utabeba mabaki ya kodi ya zamani kwenye ile mpya. Namna inayosafisha ni hii: vidole vinaposhuka kwenye kodi mpya, mguu unapanda wakati uleule, kisha unashuka tena mara moja baada ya hapo, wakati vidole bado vimeshikilia. Kodi ya zamani inakatwa pale mpya inapogusa, na mpya inakamatwa kabla vidole havijaondoka. Mfanyeni mpigaji wenu achukue kodi mbili tu, ya F na ya C, azipokezane polepole kwa dakika kumi kila siku kwa juma moja huku akisikiliza, asitazame mguu. Pipa litaondoka.

Tatu, kuna kikomo cha idadi ya sauti. Kinanda hakiwezi kulia nota zisizo na mwisho kwa wakati mmoja. PSR-E373 ina kikomo cha nota 48. Piano ya dijitali ya Yamaha P-45 ina 64, na P-125 ina 192. Arobaini na nane zinaonekana nyingi kwa mtu mwenye vidole kumi, lakini pedali ikishikiliwa kila nota ya zamani bado inahesabiwa, mdundo wa kuambatana unachukua fungu lake, na ukipanga sauti mbili juu ya kila kitufe hesabu inapanda mara mbili. Ikijaa, kinanda huanza kunyamazisha nota za zamani ili kupata nafasi. Ukisikia besi imetoweka ghafla huku mguu umeshikilia, usiilaumu pedali.

Kosa la kuchelewa kuachia nalo lipo kwenye pedali za bei ndogo, ambapo springi hulegea au kipande cha mpira ndani hubaki kimeshikamana. Lijaribu hivi: piga nota moja ya piano, kanyaga, inua vidole, kisha achia mguu kwa kasi. Sauti ikikatika papo hapo mara ishirini mfululizo, pedali ni nzima.

Mwalimu wa Sauti ya Tatu

Nimerudi na habari. Jana jioni kabla ya mazoezi nilifanya kama ulivyoelekeza: nilizima, nikachomeka, nikakaa mbali, nikawasha. Pedali iliyokaa sandukuni karibu miaka miwili imefanya kazi sawasawa. Wanakwaya walipiga vigelegele.

Sasa ninalo lingine. Tukigawa kinanda, mkono wa kushoto besi na wa kulia piano, pedali inashikilia upande wa kulia tu. Je, hiyo nayo ni hitilafu?

Mpiga Kinanda wa Kwaya

Nimefurahi sana, Mwalimu.

Hiyo si hitilafu. Katika vinanda vya PSR-E vya madaraja ya chini, sasteini haigusi sauti ya upande wa kushoto kinanda kinapogawanywa. Waliotengeneza walidhani, na mimi nadhani walifikiri vizuri, kwamba besi inayobaki kwa muda mrefu huchafua kodi nzima. Kama unahitaji besi iendelee, ishikilie kwa kidole.

Na kwa kuwa umelitaja hilo, niwaonye wengine juu ya jina moja linalochanganya watu. Ndani ya menyu ya vinanda vingi mna kitu kinachoitwa sasteini ambacho hakihusiani na tundu la pedali. Kinaongeza mkia mfupi wa sauti kwa kila nota unayoiachia, muda wote, bila mguu. Mtu akikiwasha na kukisahau, kisha akatumia na pedali, atasikia sauti zisizokatika vizuri, naye atakwenda kununua pedali nyingine. Kabla ya kuilaumu pedali, zima hicho cha menyu.

Mpenzi wa Piano

Wakuu, mmeongea zaidi juu ya vinanda vya kwaya. Mimi nina piano ya dijitali yenye vitufe 88, aina ya Roland FP-10, iliyokuja na kale kapedali ka mpira. Ninapiga muziki wa piano pekee. Je, kwangu hiyo pedali ya kupima kiasi ina maana?

Mpiga Kinanda wa Kwaya

Kwako ina maana kubwa, nami sitasita kukuambia uinunue. Piano yako inaweza kusoma pedali ya nusu, na Roland DP-10 inafanya kazi hiyo. Ina swichi ndogo yenye hali mbili, moja ya kuwaka na kuzima tu, na nyingine ya kupima kiasi. Hakikisha iko kwenye hali ya kupima kiasi, la sivyo utakuwa umenunua DP-10 ili ikufanyie kazi ya kile kipedali cha mwanzo. Wenye P-45 au P-125 wanapata jambo hilohilo kwa FC3A, na wenye Korg inayolipokea wana DS-1H.

Lakini usitarajie mguu wako uelewe siku ya kwanza. Nusu ya pedali ni eneo jembamba sana la mwendo, na kila piano inalianzia mahali pake. Piga nota nzito ya chini, kanyaga hadi mwisho, kisha uinue mguu taratibu mno hadi usikie sauti inaanza kupungua bila kukatika. Hapo simama. Rudia hadi mguu ulijue eneo hilo gizani. Mimi nilichukua wiki kadhaa, tena kwenye pedali ya kuazima, na baada ya hapo ndipo nilipoelewa kwa nini baadhi ya vipande vya polepole nilivyovipiga kwa miaka vilikuwa vinasikika vikavu au vimejaa ukungu, bila njia ya katikati.

Mama Kwaya

Sisi tuko karibu na bahari na pedali zetu hazikai. Baada ya miezi zinaanza kukwama au kutoitika kabisa. Mimi si fundi, ila ni mweka hazina, na kila mara ninaandika hundi ileile. Je, ipo inayostahimili?

Fundi wa Vyombo

Mama, hewa ya chumvi hushambulia viungo vya chuma vilivyo ndani ya swichi, na utando unaojengeka hapo huzuia umeme. Kabla ya kuandika hundi nyingine, mpeni fundi afungue kasha. Mara nyingi ni skrubu nne. Asafishe viungo kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme inayokauka yenyewe, asitumie mafuta ya mashine yanayobaki na kukusanya vumbi. Nyingi ya zile mlizozitupa huenda zingefufuka kwa kazi ya nusu saa.

Kisha zitunzeni hivi. Msiiache pedali sakafuni baada ya ibada. Sakafu ndiyo inayopigwa deki, na maji yenye sabuni hupenya chini ya kasha. Msiuzungushe waya kwa kuukaza kwenye kasha, ukunjeni kwa duara pana na kuufunga kwa utepe. Wakati wa kuchomoa, shikeni plagi, si waya. Iwekeni pamoja na kinanda ndani ya begi, na kama mna vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, tieni viwili ndani ya begi na kuvibadilisha mara kwa mara.

Na mnaponunua, chagueni ile ambayo waya wake unachomoka kwenye kasha au ambayo kasha lake linafunguka kwa skrubu. Iliyogundishwa kwa gundi haitengenezeki.

Mpiga Kinanda wa Kwaya

Mama, nami naongeza moja ambalo sisi tumelifanya na limetusaidia. Tumekata ubao wa upana wa sentimita arobaini hivi, tukaubandika zulia juu na mpira chini, na pedali inakaa juu yake imeshikwa kwa utepe wa kunata wa nyuzinyuzi, ule wa mikoba. Mpigaji akiketi, anaweka visigino vyote viwili juu ya ubao huohuo, kwa hiyo uzito wake mwenyewe ndio unaouzuia ubao kuteleza. Tangu tuutengeneze, hatujaifukuza pedali chini ya kinanda, na waya haujavutwa hata mara moja, kwa kuwa tumeufunga pembeni ya ubao kabla haujapanda kwenye tundu.

Mwanafunzi wa Jioni

Nimepata yenye ulimi, iliyotumika, yenye kitufe cha kugeuzia. Muuzaji hakujua kitufe hicho ni cha nini na alitaka kuipunguza bei akidhani ni kasoro. Nilimweleza, naye akanishukuru, bei ikabaki ileile tuliyokubaliana. Nimeijaribu nota moja mara ishirini kama mlivyosema, na zote zimekatika papo hapo. Leo ninaanza na F na C.